Je, Ni Halali Kumdanganya Mtoto kwa Nia Njema?

Tarehe 13 Desemba iliyopita, mapema asubuhi, nilipigiwa simu na mjukuu wangu akaaye Bergamo, mji ulioko kaskazini ya Italia. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa pili, anafanya kazi huko katika nyumba ya kutunzia wazee. Msichana ana umri wa miaka minane, na Kiswahili chake chatosha kabisa kwa utani, maana tangu aanze kusema yeye ni mke wangu mdogo nami ni mume wake mzee, kama desturi yetu ilivyo. Siku ile hakunitania. Aliniuliza, "Babu, mimi nilikosa nini?"

Ili mlielewe swali lake, yafaa kwanza niwaeleze desturi ya kule. Katika Bergamo, Brescia, Cremona, Verona na sehemu za jirani, watoto hawangoji Krismasi ndipo wapate zawadi. Huletewa usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba na Mtakatifu Lucia, yule binti wa Sirakusa katika kisiwa cha Sisilia aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 304, wakati wa mateso ya Kaisari Diocletian. (Sirakusa ni mji ule ule ambamo Mtume Paulo alikaa siku tatu akiwa njiani kupelekwa Roma.) Jina la Lucia limo hata katika kalenda ya Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ingawa ni wachache kati yetu wamkumbukao.

Watoto humwandikia barua wakimweleza wanachotaka. Bergamo lipo kanisa ambalo watu huliita la Mtakatifu Lucia, na katika siku za kabla ya sikukuu watoto huenda humo kuziacha barua zao. Jioni ya tarehe 12 huandaa maziwa na biskuti kwa ajili ya mtakatifu, na karoti au nyasi kavu kwa ajili ya punda wake, kwa kuwa husafiri na punda. Kengele ndogo husikika gizani, na hapo kila mtoto hukimbilia kitandani, kwa sababu ameambiwa kwamba atakayemchungulia Lucia atatiwa majivu machoni. Asubuhi maziwa yamenywewa, karoti imetafunwa, na mezani pana machenza, peremende, sarafu za chokoleti zilizofungwa katika karatasi ya rangi ya dhahabu, na vitu vya kuchezea. Kabla ya Papa Gregori wa 13 kuirekebisha kalenda mwaka 1582, siku hiyo iliangukia karibu sana na usiku mrefu kuliko yote ya mwaka, na jina Lucia lenyewe latokana na neno la Kilatini la nuru. Si ajabu watu wa nchi ya baridi wakaipenda.

Sasa, mjukuu wangu aliomba baiskeli. Akapata machenza, sarafu za chokoleti, glavu za sufu na boksi la penseli za rangi. Mtoto wa ghorofa ya chini, ambaye kwa ushahidi wa mjukuu wangu hupiga wenzake na hasemi asante, alipata baiskeli. Nao wote wawili wameambiwa tangu utoto kwamba Lucia huutazama mwenendo wa kila mtoto mwaka mzima, na kumlipa kwa kadiri yake. Mimi nilifundisha hesabu miaka mingi, siwezi kumlaumu mtoto kwa jibu alilolipata. Alijumlisha vizuri. Kosa lilikuwa katika namba alizopewa.

Nyuma yake nilimwona mama yake amekwisha kuvaa sare ya kazi, akinitikisia kichwa. Kisha aliichukua simu na kusema kwa kilugha chetu, ambacho mtoto hakielewi, "Baba, nakuomba, usimwambie."

Simu iliporudi kwa mtoto nilimwambia, "Hukukosa kitu, mke wangu. Hata kidogo." Hilo lilikuwa kweli, na zaidi ya hapo sikuthubutu. Lakini tangu siku ile sijatulia moyoni, na ndiyo sababu nimemwomba Padre nafasi katika gazeti letu la mtaa.

Wengi wenu mwanijua. Katika Chuo cha Ualimu nilikuwa mkali juu ya jambo moja. Nilipowatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, nilimkuta kijana mmoja akiwaambia watoto wa darasa la kwanza kwamba jioni jua huenda kulala nyuma ya mlima. Watoto walifurahi sana. Mimi nilimwandikia katika daftari lake kwamba mwalimu asimfundishe mtoto jambo ambalo mwalimu mwingine atakuja kulazimika kulifuta. Nilijiona nimeandika neno la hekima. Sasa nauliza: je, baba na mama wa Bergamo waandikiwe vivyo hivyo katika daftari lao?

Nimesoma kidogo, na kumwuliza sana binti yangu, juu ya sikukuu za Waitalia tangu majani yanapopukutika mpaka katikati ya baridi, nikaona jambo ambalo sikulitazamia: mgeni huyu wa usiku asiyeonekana hayuko Bergamo tu. Yuko kila upande wa nchi, ila jina lake hubadilika.

Katika Sisilia huja mapema zaidi, naye si mtakatifu wala malaika. Tarehe 1 Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, ni siku ya mapumziko katika Italia yote, na kesho yake ni kumbukumbu ya marehemu. Watu hujaa makaburini wakiwa na maua ya krisantemo. (Binti yangu alionywa mapema asije akampelekea mwenyeji maua hayo anapoalikwa chakula, kwa kuwa kule ni maua ya wafu.) Basi usiku wa kuamkia tarehe 2, watoto wa Sisilia waliambiwa kwamba marehemu wa jamaa yao, babu na bibi na shangazi waliokwisha kuzikwa, hurudi nyumbani na kuwaletea zawadi. Kuna sanamu za sukari, na kuna matunda ya bandia yaliyofinyangwa kwa lozi na sukari na kupakwa rangi, hata usiweze kuyatofautisha na ya kweli mpaka uyaume. Tena yapasa kukificha kikwaruzo cha jibini, ambacho kwa kazi yake ni ndugu wa mbuzi yetu ya nazi, la sivyo wafu watakitumia kumkwaruza miguu mtoto mtukutu.

Mwandishi Andrea Camilleri, aliyezaliwa Porto Empedocle mwaka 1925 na kufariki mwaka 2019, ameeleza jinsi watoto wa wakati wake walivyoweka kikapu chini ya kitanda usiku ule, na jinsi asubuhi walivyozitafuta zawadi zilizofichwa ndani ya nyumba. Baadaye walikwenda makaburini kuwashukuru waliozileta. Camilleri asema askari wa Kimarekani walipofika mwaka 1943 walikuja na mti wa Krismasi, na miaka ilivyopita wafu wakaacha kuja.

Najua baadhi yenu mmekunja uso hapo, mkisema hayo ni matambiko yaliyovikwa kanzu. Ubishi huo ni wa kale kuliko mnavyodhani. Mtakatifu Monika, mama wa Augustino, alizoea kwao Afrika kupeleka uji, mkate na divai penye makaburi ya mashahidi. Alipomfuata mwanawe Milano na kufanya vivyo hivyo, bawabu alimzuia, kwa kuwa Askofu Ambrosi alikuwa ameikataza desturi hiyo. Monika alitii bila kunung'unika, akawa anakwenda na sala zake tu, na alichokuwa nacho akawapa maskini. Lakini leo sitaki kuingia katika shauri la wafu. Mimi nawatazama walio hai: baba aliyenunua, mama aliyekesha, halafu wote wawili wakampa mwingine shukrani iliyokuwa yao.

Sikukuu nyingine nitazipita haraka. Tarehe 11 Novemba ni ya Mtakatifu Martino, na watoto wa Venezia hupita mitaani wakigonga masufuria na kuomba peremende. Tarehe 7 Desemba Milano husherehekea Ambrosi wake, na kesho yake, sikukuu ya Bikira Maria, nyumba nyingi husimamisha mti wa Krismasi. Wakati wa Krismasi wengine husema zawadi zimeletwa na Mtoto Yesu, wengine husema ni yule mzee mwenye ndevu na nguo nyekundu. Mwaka Mpya hula dengu, ambazo kwa umbo lao zafanana na sarafu, ili fedha isipungue nyumbani. Desturi nyingine za usiku ule sitaziandika katika gazeti la kanisa. Mwisho wa yote huja tarehe 6 Januari, Epifania, pamoja na bibi kizee aitwaye Befana, ambaye nitamrudia.

Mwezi Desemba mwaka 2021 ulizuka ugomvi katika Sisilia hiyo hiyo. Askofu wa Noto, Antonio Staglianò, aliwaambia watoto waziwazi kwamba yule mzee wa Krismasi hayupo, na kwamba nguo yake nyekundu ni kazi ya matangazo ya Coca-Cola. Wazazi walikasirika. Msemaji wa dayosisi akaomba radhi, akieleza kwamba Askofu hakukusudia kuwavunjia watoto ndoto zao, bali alitaka watu waitafakari maana ya Krismasi. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka, nikamwona Askofu amepungukiwa na busara. Baada ya swali la mjukuu wangu nimeisoma tena, wala sicheki.

Tena Askofu yule alikuwa na shahidi mkubwa upande wake, naye ni Mwafrika. Augustino alizaliwa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Alikwenda kufundisha Milano mwaka 384, na huko akabatizwa na Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387. Ameandika vitabu viwili juu ya uongo, cha kwanza karibu mwaka 395 na cha pili karibu mwaka 420. Katika kile cha kwanza ahesabu aina nane za uongo, kuanzia ule wa kupotosha imani mpaka ule usiomdhuru mtu yeyote na kumfaa mwingine. Hauruhusu hata mmoja, hata kama ni kwa kuokoa maisha. Atoa mfano wa Firmus, Askofu wa Thagaste, ambaye alimficha mtu aliyekuwa akitafutwa na maofisa wa Kaisari. Walipomwuliza, Firmus hakusema "hayupo". Alisema kwamba hawezi kusema uongo wala hawezi kumtoa mtu yule. Wakamtesa, naye akashikilia neno lake. Mwishowe wakampeleka kwa Kaisari, naye Kaisari akastaajabu, akamsamehe yule mtu. Muangalie vema Firmus alivyofanya. Alificha, lakini hakudanganya, na tofauti ya mambo hayo mawili itatufaa baadaye kidogo.

Yako maneno ambayo Augustino hayahesabu kuwa uongo, nayo ni ya mzaha, kwa sababu sauti na uso wa msemaji vyatangaza kwamba hasemi kwa dhati. Hapo nilidhani nimepata mlango wa kumtolea binti yangu. Kumbe mlango ni mwembamba. Mimi ninapomwita mjukuu wangu mke, maneno si ya kweli, lakini hakuna anayedanganywa, kwa kuwa sote wawili twajua, na yeye hucheka kuliko mimi. Utani hukaa baina ya watu wanaojua. Habari ya Lucia na punda wake yajulikana na upande mmoja tu, na upande wa pili umeweka karoti mlangoni kwa moyo wake wote.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Siwezi kuwahesabu wazazi hao pamoja na waongo, kwa maana mwongo husema uongo apate kitu, nao husema ili wapoteze. Bwana wetu alitufundisha kutoa sadaka pasipo kupiga panda. Mzazi awezaje kumpa mtoto wake kwa siri? Mtoto ajua kila kitu nyumbani chatoka kwa nani. Ni usiku mmoja tu katika mwaka mzazi hupata nafasi ya kutoa bila kushukuriwa, akasimama pembeni na kutazama furaha ambayo hakuna atakayemlipa kwayo. Nakiri kwamba jambo hilo ni zuri sana.

Nami nalijua kwa upande wa mpokeaji. Mwaka 1974 nilichaguliwa kwenda shule ya sekondari iliyokuwa mbali na kwetu. Baba yangu alikuwa amefariki, na mama hakuwa na nauli, sembuse vitu vilivyoandikwa katika barua ya shule. Siku nne kabla ya safari Padre aliniita nyumbani kwake akanionyesha sanduku la bati. Ndani mlikuwa na shuka mbili, blanketi, miche ya sabuni, nauli ndani ya bahasha, na viatu vyeusi vipya. Nikamwuliza ni nani aliyeleta. Padre akajibu, "Mwenye kuleta amekataza asitajwe. Wewe nenda kasome." Viatu vilinizidi kwa namba moja, nikatia karatasi mbele. Kwa hiyo nilijua jambo moja tu juu ya mfadhili wangu, kwamba hakuwahi kunipima mguu.

Basi likizo ya kwanza niliporudi, nilimtazama kila mtu kwa jicho jipya. Huenda ni fundi baiskeli. Huenda ni mama auzaye maandazi penye kituo cha basi, au katekista, au yule mzee Mwislamu mwenye duka karibu na soko, aliyependa kuniuliza maendeleo yangu. Sikuweza kumpita hata mmoja bila kumwamkia kwa heshima, nisije nikawa nampita yeye. Miaka zaidi ya hamsini imepita, Padre yule amekwisha kulala, na mpaka leo sijui.

Sasa fikirini, kama Padre angaliniambia kwamba sanduku lile limeletwa na malaika. Ningalitazama juu mbinguni, na watu wote wale ningaliwapita. Hapo ndipo nilipoona mahali kosa lilipo. Mtakatifu Nikola, ambaye mifupa yake iko Bari tangu mwaka 1087, na ambaye huwaletea watoto wa Trieste zawadi tarehe 6 Desemba, yasimuliwa kwamba alitupa dhahabu usiku katika nyumba ya baba maskini mwenye mabinti watatu. Mara ya tatu baba alikesha akamkamata, na Nikola akamwomba asimwambie mtu. Naye alificha uso wake, lakini hakusingizia kwamba dhahabu ilianguka kutoka mwezini.

Kinyume chake pia kimeonekana Italia. Mwaka 1928 Wafashisti walianzisha kugawa zawadi kwa watoto wa maskini siku ya Epifania, wakaita Befana ya Kifashisti. Watoto walipata vifurushi, na hakuna shaka kwamba wengi wao walivihitaji. Lakini zawadi ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alitaka ajulikane, maana shukrani yote ilipaswa kukiendea chama na Mussolini. Kati ya hila hiyo na ile ya mama aliyetafuna karoti usiku ili ionekane imeliwa na punda, mimi sihitaji kufikiri sana kuchagua.

Maneno hayo nilimwambia binti yangu kwa simu, jioni moja kabla ya Krismasi, watoto walipokwisha kulala. Nilimweleza habari ya Firmus, na ya sanduku la bati, ambayo alikwisha kuisikia mara nyingi, na ya Mussolini. Nilisema vizuri, kama mtu aliyezoea darasa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Baba, sisi ulitulipia ada, twakushukuru. Lakini kila muhula ulipofunguliwa ulitusomea risiti. Mimi nilitaka wanangu wapate japo kitu kimoja ambacho hakijasomewa risiti."

Nilinyamaza, kwa kuwa ni kweli. Nilikuwa nikizihifadhi katika kopo la majani ya chai, na kuzisoma mbele yao kwa sauti. Nilidhani nawafundisha thamani ya elimu.

Basi nimebaki na maoni haya, nanyi mtanisahihisha. Kuficha mkono unaotoa si uongo, na mzazi anayeufanya usiku wa sikukuu sitamwandikia kosa katika daftari. Mtoto mdogo aishi na punda wake, maana kwake bado hakuna mpaka imara kati ya hadithi na habari, na hadithi haimdhuru. Lakini mambo mawili siyakubali. La kwanza, mtoto akiuliza kwa dhati, akikutazama machoni, ajibiwe kweli, kwa maana siku hiyo amevuka mwenyewe. La pili ni zito zaidi: Lucia asifanywe hakimu. Mara anapopewa daftari la mema na mabaya, mkaa, majivu, na kikwaruzo, hadithi hugeuka kuwa fimbo, na fimbo hiyo humwangukia mtoto wa maskini. Mtoto wa tajiri hulipwa baiskeli, na mtoto wa mfanyakazi wa zamu hulipwa machenza, kisha tunamwambia kwamba aliyepima ni mtakatifu aonaye yote! Uongo wa namna hiyo Augustino angaliuweka karibu na ule wa kwanza katika hesabu yake, kwa kuwa humfanya mtoto awaze vibaya juu ya mbingu.

Hapo ndipo namrudia Befana. Jina lake ni neno Epifania lililosagwa vinywani mwa watu. Huchorwa amepanda ufagio, mwenye nguo za viraka, naye hujaza soksi zilizotundikwa: mtoto mwema peremende, mtukutu mkaa, ingawa siku hizi mkaa wenyewe ni sukari iliyotiwa rangi nyeusi. Roma humfanyia soko katika uwanja wa Piazza Navona. Sheria ya mwaka 1977 iliifuta Epifania katika siku za mapumziko, lakini mwaka 1985 ikarudishwa. Hadithi yake yasema kwamba Mamajusi walipita kwake wakiuliza njia, wakamwalika afuatane nao kumwona Mtoto, naye akakataa, ana kazi nyingi. Baadaye alijuta, akajaza kikapu, akawafuata asiwapate. Tangu hapo huingia kila nyumba na kumpa kila mtoto, kwa kuwa hajui ni yupi aliye Yeye. Mwanamke wa namna hii atapataje nafasi ya kupima nani mwema na nani mtukutu? Mkaa, nadhani, uliongezwa na wazazi waliochoka.

Binti yangu hakuniambia kwamba nimemshinda, wala sikumshinda. Lakini jioni ya tarehe 5 Januari mtoto alimwuliza tena, safari hii bila kuzungusha, na mama yake akamwambia. Kwanza, nasikia, alikaa kimya. Kisha akauliza, "Na karoti uliila wewe?" Mama akasema ndiyo, tena mbichi, tena hapendi karoti. "Na baiskeli?" Fedha haikutosha, akajibiwa, labda mwaka kesho, labda iliyotumika. Mtoto akafikiri, akasema, "Basi kweli sikukosa kitu." Halafu akaomba soksi ya mdogo wake.

Asubuhi ya Epifania, nilipotoka kanisani, simu ikalia. Uso wake ulijaa kioo kizima, akanong'ona, "Babu, nilijaza mimi. Usimwambie." Mara mdogo wake, ambaye ana miaka mitatu, akamsukuma, akashika soksi yake mbele ya simu, akanitangazia kwa sauti kwamba Befana amekuja nyumbani kwao usiku. Dada yake alisimama nyuma yake akiutazama mdomo wangu.

Nilimwambia anionyeshe kilichomo. Akakaa sakafuni, akavitoa kimoja kimoja: chenza moja, peremende mbili, sarafu ya chokoleti iliyobaki tangu Desemba, na penseli ya rangi ya bluu, iliyochongwa pande zote mbili.